Mikate ya wiki nzima

Salimu, mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Idi mbili hujakanyaga Muheza, na kutoka Dar ni basi la siku moja tu. Huoni haya, mimi bibi yako nimefika Stockholm kwa jeti?

Niliogopa shangazi yako Mwanaidi angejifungua peke yake, asiwe na wa kumkanda. Nikafungasha mikate ya kumimina ya wiki nzima, maana nilidhani safari ya Ulaya ni siku saba. Jirani yangu kwenye kiti cha ndege akaiona, akacheka: "Mama, kesho asubuhi tumefika." Nikamwambia akamdanganye bibi yake. Kesho yake asubuhi nikakanyaga theluji na kandambili, mikate bado laini.

Mwanaidi alikuwa amejifungua alfajiri, msichana mnono, na chakula cha hospitali hakimpiti kooni. Akala nusu ya mkate wangu. Hapo ndipo moyo wangu ulipotulia. Sasa tuko kwake, mtaa wa Hagsätra, maji ya moto yanatoka bombani, namkanda mpaka analalamika. Kadi hii anaandika yeye, mimi nasema.

Narudi arobaini ikiisha. Uje Muheza ukae siku saba kamili. Nitakupikia mikate ya wiki nzima, na hutoki mpaka iishe.

Bibi yako anayekupenda hivyo hivyo na utoro wako