Handbreki Niliyoiamini

Ijumaa, Abu Hamour

Gari limezimwa tangu saa kumi na limewekewa matofali kwenye magurudumu.

Asubuhi nilibadilisha pedi za breki za nyuma mwenyewe, hapa chini ya jengo letu. Pistoni zinazosukuma pedi zilikataa kurudi ndani, nikazisukuma kwa nguvu. Handbreki hii ni ya umeme, inatakiwa ifunguliwe kwanza kwa mashine ya kupima gari. Sikujua. Au niliwahi kuambiwa, nikapuuza.

Taa yake ikawaka nyekundu. Nilibonyeza swichi mara kadhaa hadi ikazimika, nikaona kazi imekwisha. Nikalipeleka gari kwenye mteremko wa maegesho kulijaribu. Nikavuta swichi ya handbreki, nikatoa gia, nikamwambia mke wangu Mwende asimame nyuma aangalie magurudumu. Kisha nikashuka.

Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kimya kabisa. Nilichoweza ni kuita jina lake tu. Aliruka kando, gari likagonga nguzo mahali pale pale alipokuwa amesimama.

Ssali, dereva Mganda wa ghorofa ya pili, alikuja na mashine yake ya kupima gari akaichomeka.

"Kaka, mota ya handbreki ya gurudumu la kulia imevunjika," alisema. "Uliivunja ulipolazimisha pistoni."

Kesho ataleta fundi.

Mwende hakunigombeza. Jioni, akikunja sare yake ya hospitali, aliuliza jambo moja tu: "Uliponiambia nisimame pale, ulikuwa na uhakika?"

Nikamwambia ndiyo. Na ni kweli, nilikuwa na uhakika kabisa. Uhakika huo ndio ninaouogopa.