Wiki ya Kumtaka Kessler

Ijumaa, 25 Julai

Kessler anapatikana! Redioni wamesema timu yake imekata tamaa na msimu, itamwachia timu yoyote itakayotoa wachezaji chipukizi wa kutosha. Kessler! Mrushaji namba moja wa besiboli mwaka huu, mkono wa kushoto, mpira wake wapigaji hawauoni, wanausikia tu ukipita. Nimeunguza mkate kwa kumfikiria.

Timu yetu, Makorongo, iko nafasi ya pili, na warushaji wamechoka hoi. Mara ya mwisho kuchukua ubingwa mimi nilikuwa tumboni mwa mama. Nina miaka sitini na saba! Sina muda wa kungoja vitoto vikue.

Mume wangu, Verlyn, anasema haraka haraka haina baraka. Nikamjibu fimbo ya mbali haiui nyoka. Verlyn akaenda kukata majani.

Jumapili, 27 Julai

Nimepiga simu redioni! Kile kipindi cha mashabiki, baada ya kanisa. Mtangazaji, Gus, akasema haya, Marlys wa Iowa, tupe vitu. Nikampa! Nikasema chipukizi ni ahadi, na ahadi hairushi mpira Oktoba, ubingwa unapogombewa. Toeni watatu, toeni wanne, wafungeni na utepe kama zawadi, mtuletee Kessler! Gus alicheka mpaka akakohoa. Eti ningefaa kuiongoza timu. Siku nzima natembea kama msichana wa miaka kumi na sita.

Yeison amerudi na njaa. Mayai sita, wali, nusu ya kuku. Huyu ndiye mpangaji wetu asiyelipa, kwa sababu hapa mjini ndivyo tulivyo: timu yetu ndogo, Vifaranga, inawalelea Makorongo wachezaji, na sisi wenye vyumba tunawalaza. Yeison Paulino, miaka ishirini, kutoka Jamhuri ya Dominika, anakaa chumba cha chini tangu Aprili. Ananiita Mama. Ameupiga mpira vizuri katika michezo kumi na mmoja mfululizo, na amekataa katakata nisifue soksi zake hadi bahati ikatike. Chumba kinanuka jamani!

Jumatatu, 28 Julai

Majina yametoka. Wanataka wanne. Wa kwanza — Paulino.

Paulino wangu! Nimesoma mara tatu, na miwani, bila miwani. Nilikuwa nawaza nini? Kwangu chipukizi walikuwa orodha ya majina gazetini. Sikuwaza kama mmoja wao anakula mayai yangu.

Verlyn hata hakunyanyua macho. Kasema, basi umemfunga na utepe mwenyewe, mke wangu.

Mdomo umeniponza. Nimepika sinia mbili za lasanya, sijui za nini.

Jumanne, 29 Julai

Amesikia!! Wenzake wameicheza sauti yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, tena kwa spika. Nilikuwa namenya viazi, akasimama mlangoni, uso mkavu.

"Mama, utepe wa rangi gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Naye akacheka mpaka akashikilia friji. Halafu akakaa, akaniambia la moyoni. Nafasi yake kule Makorongo ina mtu, na mtu huyo ana mkataba wa miaka minane. Akibaki, ataozea hapa. Kule kwa kina Kessler nafasi iko wazi. Kila siku anamwomba Bikira Maria abadilishwe timu.

Kumbe anataka! Mimi nataka! Tukacheza dansi jikoni, mimi na magoti yangu haya, kisu mkononi. Verlyn kaingia akauliza nani kaoa.

Baadaye, nikiosha vyombo, nililia kidogo. Nilimwambia Verlyn ni vitunguu. Hatukupika vitunguu.

Jumatano, 30 Julai

Asubuhi: Kessler anakwenda kwingine. Mchana: haendi. Jioni: labda. Yeison kapiga mbili, sasa ni michezo kumi na tatu mfululizo. Soksi zinaweza kusimama zenyewe sasa.

Alhamisi, 31 Julai

Naandikia uwanjani, kwenye goti. Mchezo wa mchana. Mlango wa kubadilishana wachezaji unafungwa saa kumi na moja, na leo hakuna anayetazama mpira, kila mtu anachungulia simu. Maana kila shabiki anajua dalili: mchezaji akitolewa ghafla, hajaumia, na wenzake wakaanza kumkumbatia, basi ana safari.

Kipindi cha tatu. Kocha ametoka. Amenyoosha kidole kwa Yeison.

Yeison akatembea hadi benchi. Wa kwanza akamkumbatia. Wa pili. Nyuma yangu mwanamke akapiga ukelele, tumempata Kessler! — nami nikaruka! Nikapiga makofi, nikapiga vigelegele, nikamwagia Verlyn soda mapajani. Mtu wa kwanza uwanja mzima! Yeison akainua macho akaniona. Akavua kofia.

Nikakaa. Verlyn, kalowa chapachapa, ananisomea simu: hakuna kilichothibitishwa. Ila yule wa mkataba wa miaka minane kavunjika kifundo cha mguu mazoezini asubuhi. Makorongo wanatafuta mtu wa kuziba pengo leo leo.

Kwa hiyo ama anakwenda zake, ama anapandishwa juu kwa Makorongo, na ni wetu!

Nimemuuliza Verlyn ipi. Kasema muulize mwenyewe, anakuja. Kweli, anapanda ngazi na viatu vyake vya njumu, watu wanampiga piga mgongoni, jua liko nyuma yake, uso siuoni. Safu sita. Tano. Wiki nzima nimelitaka jambo moja, na sasa nacheka peke yangu kama chizi, na Mungu nisamehe, naomba isiwe Kessler