Kibao cha Shingoni

Kwako Baba yangu, Mwalimu Tokashiki, Motobu.

Baba, shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi? Mama aliniambia kwamba siku hizi unapanda ngazi za shule kwa kushika ukuta, nami nikasikitika, maana ingawa nina hasira nawe, sijafikia hatua ya kukutakia maumivu. Mimi ni mzima. Huku Nyuzilandi ni kiangazi, nyasi zimekauka vilimani na ng'ombe wanashinda vivulini. Nakula na kulala vizuri kuliko wakati wowote tangu nifike. Kwa nini iwe hivyo, utajua mbele.

Barua yako niliipata. Ulisema niliyokueleza kuhusu kibao ni malalamiko ya mtoto aliyedekezwa. Uliandika kwamba hata wewe ulivishwa utotoni kwa kuongea lugha ya kisiwa chetu darasani, na kwamba kibao hicho ndicho kilichokufanya mtu. Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa matusi. Sasa nakujibu, na nakuomba usome barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Ulimpenda Bwana Kuwabara, mkuu wa chuo, tangu alipokuja mjini Naha kuzungumza na wazazi, amevaa tai nzuri na kuahidi kuturudisha tukiongea Kiingereza kama wenyewe. Kule chuoni kwake, huku Nyuzilandi, wanafunzi wote ni Wajapani, na yeye alikata shauri kwamba ukishapita lango, Kijapani ni marufuku, hata bafuni. Atakayeteleza huvishwa kibao cha mbao shingoni, huosha vyombo vya chuo kizima na hakai mezani na wenzake, mpaka amkamate mwingine na kumvisha yeye. Hatukujifunza Kiingereza, Baba. Tulijifunza kunyamaza na kunyatiana. Watu walijificha nyuma ya milango ya vyoo wakisubiri mwenzao ajisahau. Mvulana mmoja alimkanyaga rafiki yake makusudi ili amsikie akilia kwa Kijapani.

Hodari wa kazi hiyo alikuwa Fumika Minase, tuliyelala naye chumba kimoja. Kwao ni mjini Kobe, mtaa wa Nagata, baba yake ana karakana ya viatu, na kwa namna alivyojisifu ungedhani nusu ya Japani inatembea kwa miguu ya baba yake. Usiku wa kwanza tu aliniuliza kama huko visiwani tunaongea au tunakohoa. Aliniambia, "Hata Kijapani chako kimechacha, Kiingereza utakiweza wapi?" Siku nilipoungua na sufuria jikoni, neno likanitoka kabla sijalizuia, naye alikuwa mlangoni tayari. Alinivisha kibao polepole, akanirekebisha kola kama mama anayemtayarisha mwanawe kwenda shule, akasema kinanipendeza kuliko nguo zangu.

Nilikivaa muda mrefu kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikataa kumvizia mtu. Usidhani nilifanya hivyo kwa wema. Nilifanya kwa kiburi, na kiburi hicho nimekirithi kwako. Aliyekuwa akinisemesha ni Bi Parata peke yake, mpishi wetu, Mmaori, mwenyeji wa asili wa huku, mwenye mikono mipana. Alikishika kile kibao siku moja, akakiachia kama kitu kilichooza, akaniambia kwamba bibi yake alichapwa shuleni mpaka akaacha kuongea lugha yao, na kwamba yeye sasa, mtu mzima, anakwenda darasani jioni kuitafuta lugha hiyo hiyo.

Kisha ikaja habari ya tetemeko la ardhi la Kobe. Wenzangu walikuwa kwenye chakula cha mchana nami nimesimama kando, televisheni ikaonyesha barabara ya juu imelala ubavu, halafu moshi, halafu mtangazaji akataja Nagata. Fumika aliweka kijiko mezani bila kutoa sauti. Alikwenda kwenye simu ya ukumbini akakaa hapo mpaka kesho yake, akipiga na kukata, kila mara laini zimejaa. Hakuna aliyemsogelea, hata mimi. Nitasema kweli, niliona sura yake nikafikiri kwamba leo naye ameonja.

Mchana wa siku ya pili alimpata mjomba wake wa Osaka. Tulikuwa tunatoka darasani, ukumbi umejaa. Alisema kwa Kijapani, tena Kijapani cha Kobe ambacho hatukuwahi kumsikia nacho, "Baba je? Mjomba, niambie baba yuko wapi." Alirudia hivyo hivyo, sauti ikizidi kuwa ya mtoto. Karakana ilikuwa imeungua na baba yake hakuonekana.

Bwana Kuwabara alitoka ofisini. Alimtazama, kisha akanitazama mimi niliyevaa kibao, akaniambia kwa Kiingereza kwamba nimesikia mwenyewe, basi nimvishe. Nikadhani sikumwelewa. Akarudia polepole, kama anafundisha: sheria ni sheria, na tukimsamehe huyu kwa msiba, kesho kila mtu atakuwa na msiba wake. Nikasema sitaki. Akaniamuru tena. Nikasema sitaki, safari hii kwa Kijapani, kwa lafudhi ya kwetu nzima nzima. Hapo uso ukambadilika, akanifokea, "Nyamaza, mshenzi wa visiwani, unajiona nani wewe?"

Alifoka kwa Kijapani, Baba. Ukumbi mzima ulisikia. Nikavua kibao nikampa, nikamwambia, "Zamu yako, Bwana." Alinipiga kofi mbele ya watu wote, na kabla jioni haijaingia nilikuwa nimefukuzwa.

Ndiyo, nimefukuzwa. Barua ya chuo ikikufikia itakuambia nilimkosea adabu mkuu, na ni kweli.

Usidhani nilitoka kama shujaa. Nilipokuwa nafunga mizigo Fumika aliingia chumbani, macho yamevimba, naye anapanga yake arudi kwao. Nilimwambia pole. Alinijibu bila kugeuka, "Usisubiri nikushukuru. Baba yangu yuko chini ya vifusi, na wewe umegeuza msiba wangu kuwa tamasha lako." Nilibeba sanduku langu nikatoka. Maneno hayo bado yananifuata. Sijui kama baba yake alipatikana, na si mtu wa kuniandikia.

Bi Parata alinipeleka kwa kaka yake anayefuga ng'ombe, ndipo nilipo. Nakamua alfajiri, na watu wa hapa hunisemesha mpaka taya linauma. Kiingereza kinakuja chenyewe.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Nilipofukuzwa niliogopa kukupigia wewe, nikampigia Shangazi Tsuru. Nilimsimulia yote. Alicheka nilipofika kwenye "zamu yako". Kisha akaniuliza, "Baba yako amewahi kukwambia alikivua vipi kibao chake?" Nikasema hapana. Akaniambia ulimfuata uani shuleni, yeye akiwa darasa la kwanza, ukamchoma kidole kwa mwiba wa mndimu. Akalia kwa lugha ya nyumbani, lugha pekee aliyoijua, ukamvisha mdogo wako mbele ya wenzako. Hakuwa na moyo wa kumvisha mtu mwingine. Alikaa nacho mpaka akakataa kwenda shule kabisa, na ndiyo maana mpaka leo wewe humsomea bili zake za umeme na kumcheka.

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba kibao kilikufanya mtu. Waliokuwapo wanajua kilikufanya nini.

Ile nafasi ya kufundisha uliyonitafutia shuleni kwako, mpe mwingine. Kibali changu kikiisha nitarudi Motobu, lakini nitafikia kwa Shangazi. Ukitaka kuniona utanikuta huko. Ila mlangoni atakuja yeye, na ameniambia hafungui mpaka ubishe hodi kwa lugha mliyozaliwa nayo.

Mama mpe salamu nyingi, mwambie asilie, nanenepa. Wasalimie majirani wa upande wa bandari. Goti lifunge kitambaa cha joto.

Ni mimi mwanao,
Nagisa