Kijiko cha Mbegu za Mrehani

Kaka,

Mbegu za mrehani ulizotuma zilifika salama. Nilimsomea mama karatasi yako: zinashusha sukari, zinalainisha choo, ameze kijiko kimoja kila asubuhi. Hukuandika kwamba zilowekwe kwanza.

Nilimwambia, "Mama, hizi hulowekwa mpaka zivimbe."

"Mwanangu kaandika kumeza. Wewe fundi cherehani, tumbo umelisomea wapi?"

Majirani waliokuja kumjulia hali wakacheka. Tangu apooze upande mmoja alikuwa akimeza kwa shida, nami ndiye niliyekuwa nikimlisha miaka sita, huku akikusifu wewe. Nikamlisha kijiko kikavu, kama ulivyoagiza, kisha maji kidogo. Zilimvimbia kooni.

Tulimzika Jumanne. Watu wakiuliza kilichomuua, nawaonyesha karatasi yako. Mwandiko wako wanaujua.

Mimi sijambo. Cherehani imepata mkanda mpya. Pakiti ilibaki zaidi ya nusu, na kutupa chakula ni dhambi, kwa hiyo naziloweka robo saa kila asubuhi, nakunywa. Ulisema kweli, kaka. Choo kimelainika.

Ni mimi dada yako, niliyebaki na mama.