Stata Mpya ya Pikapu ya Babu

Mjukuu wangu, mume wangu Saidi,

Marahaba. Hapa Busi mtama umebeba vizuri, magoti yangu tu ndiyo yamegoma. Umeuliza ubadilishe stata ya gari lako au uliuze.

Pikapu ya babu yako nayo ilikuwa haiwaki bila kusukumwa. Kila asubuhi majirani walikuja kuisukuma, kisha wakanywa uji kwetu huku wakimcheka. Serikali iliporuhusu biashara huria, vipuri vikajaa madukani Dodoma, akafunga stata mpya. Ikawaka kwa ufunguo. Nikapiga vigelegele!

Kesho yake nikapika uji sufuria ileile. Hakuja mtu. Babu yako alikaa ndani ya pikapu inayounguruma, akipiga honi.

Badilisha stata, lakini majirani uwaite. Sisi tulingoja waje wenyewe.

Bibi yako,
Mwanaidi