Kisatelaiti Kiliponyamaza

Gisenyi, Jumapili

Kaka Janvier,

Mvua imerudi, na maharage yetu ya Cyanzarwe yamechanua. Simu yako haipatikani huko Kigoma, ndiyo maana naandika.

Baba hakukununia. Dhoruba ya jua ilikizima kile kisatelaiti kinachobeba sauti zenu za redio, naye hakujua. Jumatatu asubuhi alipanda juu ya bati na antena yake, akaielekeza upande wa Goma, kinakotokea kisatelaiti, kama kawaida, akaita, "Janvier, unanisikia?" Siku zote hushuka baada ya dakika kumi, kisatelaiti kikishapita. Siku hiyo hukumjibu, hakushuka. Alikuwa bado anakuita bomu lilipotoka ng'ambo ya mpaka likaua watoto wawili wa jirani.

Tuyisenge, yule fundi cherehani, akapiga kelele: "Muzee iko naonyesha bombe njia!" Majirani wakamvuta Baba miguu, akaanguka, wakamponda kwa mawe. Nilimlalia juu, wakanirusha pembeni. Antena walimchoma nayo tumboni.

Tulimzika Jumatano.

Jana kisatelaiti kiliamka. Nilikuwa nimeshika redio yake, nikakusikia: "Baba, mbona kimya wiki nzima?" Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Sikukibonyeza. Nisamehe, kaka. Nilikuacha ukimwita, kama yeye alivyokuita.

Dada yako,
Mukandori