Kidole Kisichokuwepo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mie mzima, ni mkono tu unaosumbua. Baba yako mdogo amehamia Gongo la Mboto, kwa hiyo hapa Mtoni nimebaki na redio.

Unauliza mkono uliokatwa zamani unaumaje hadi leo. Daktari anasema ni mishipa ya fahamu. Nilipokuwa kijana, kila niliyemwambia alicheka: "Kitu hakipo, kinaumaje?" Nikaacha kusema.

Bibi yako wakati huo alikuwa jirani tu, anachoma vitumbua barazani. Akaniona nimekaa mkekani nimekunja uso.

"Kinauma nini?"

"Kidole cha mwisho. Kinawaka moto."

Nikasubiri acheke. Akachukua upepeo wa jikoni, akapepea mkeka mtupu, pale ambapo kidole kingekuwa.

"Hapa?"

"Sogeza kidogo."

Vitumbua vikaungua, yeye anapepea tu. Maumivu hayakuisha, mjukuu wangu, ila siku ile nilipata usingizi.

Tangu tumzike, upepeo wake uko palepale jikoni. Juzi nimejipepea mwenyewe mpaka mkono uliobaki ukachoka, usingizi haukuja. Kumbe haukuwa upepo.

Babu yako